Kidirisha cha Dawa za Papa

Papa, baba yangu, alikifunga kidirisha changu cha kwanza kabla sijamaliza kumweleza kilikuwa cha nini. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, nyumbani kwake Ruashi, nimevimba kwa fahari. Kidirisha kikachomoza katikati ya skrini, juu ya karata zake, kimeandikwa kwa herufi kubwa: "Papa, kunywa dawa." Chini yake kulikuwa na kitufe kimoja. Papa akasogeza kipanya kwa mkono wake wa kulia, ule uliobaki mzito, akabofya, kidirisha kikatoweka. Akahamisha karata nyekundu juu ya nyeusi.

"Ile ilikuwa nini?" aliniuliza.

"Ni ya kukukumbusha dawa, Papa."

"Ah. Muzuri," akasema, akaendelea kucheza.

Dawa zilikuwa kwenye kabati la vyombo, pale pale chumbani. Hakusimama wala hakutazama upande ule. Nilibaki nimesimama nyuma yake nimekasirika, kwa sababu kidirisha kile hakikuwa mchezo. Miezi michache kabla, Papa alikuwa amepatwa na kile ambacho huku kwetu kila mtu anakiita AVC, yaani kiharusi. Aliamka asubuhi mdomo umeenda upande, mkono wa kulia umelegea, akawa anatafuta neno "maji" na halimjii. Alirudi, namshukuru Mungu. Mdomo ulinyooka na maneno yakarudi, pamoja na maneno makali ambayo tungeweza kuishi bila hayo. Lakini daktari alinivuta kwenye korido akaniambia waziwazi kwamba presha ikipanda tena vile, hatarudi. Vidonge asubuhi na jioni, bila kuruka.

Daktari huyohuyo ndiye aliyesema mkono upewe kazi. Kwa hiyo nilimletea Papa kompyuta kuukuu ya ofisini kwetu, nikamfundisha kucheza karata kwa kipanya. Alizipenda karata zile kuliko nilivyotarajia. Mtu aliyemaliza maisha yake ya kazi kwenye stesheni za reli, akiinua bendera treni hii ya mukuba, yaani shaba, ipite na ile isubiri, alifurahi mno kupata tena kitu cha kupanga kwa zamu. Asubuhi alikuwa hapo, jioni alikuwa hapo, na vidonge vilikuwa kabatini.

Mama alikuwa ameshafariki. Kaka zangu wako Kolwezi. Mimi naishi upande mwingine wa mji, na kazi yangu ni kuandika programu kwa ofisi moja ya wakala wa forodha, watu wa malori yanayokwenda mpakani. Kule Ruashi, nyumba ya nyuma anaishi mpangaji, mama mpole anayempikia Papa bukari, yaani ugali, na mboga. Nilimwomba ampelekee vidonge. Alimpelekea mara moja tu, kwenye kisahani. Papa alimrudishia kisahani na vidonge vyake, na ujumbe kwamba yeye aliacha kunyonya zamani. Mama wa watu hakujaribu tena, na simlaumu.

Basi nikasema, kwa kuwa anakaa mbele ya skrini mchana kutwa, skrini ndiyo itakayomwambia. Skrini haioni haya na haikasiriki ikifokewa. Nilikuwa na Python na nilikuwa na mikono. Kazi ya jioni moja, nilijiambia, na hapo ndipo nilipoanza kujidanganya.

Kwa asiyeijua kazi hii: Python ina vidirisha vilivyokwisha kushonwa tayari. Unaandika mstari mmoja, kinatokea kisanduku chenye ujumbe na kitufe, basi. Ndicho kile Papa alichokifunga bila kusita. Ukitaka kidirisha cha kwako, chenye tabia unayoitaka wewe, lazima ukishone mwenyewe: upana, maandishi, vitufe, na kila ambacho mtu anaweza kufanya kukikwepa. Na Papa alikuwa na njia nyingi za kukwepa.

Kwanza kulikuwa na balaa la dirisha mama. Chombo cha Python cha kutengenezea madirisha hakikubali kidirisha kiishi peke yake. Lazima kiwe na mama. Usipomficha, mama naye anajitokeza, mdogo, mtupu, hana neno, anasimama kwenye kona ya skrini. Nilisahau mstari mmoja wa kumficha. Papa alinipigia nikiwa kazini.

"Kuko kafenêtre kengine kamesimama apa," alisema. "Hakasemi kintu. Kanangoja nani?"

"Kafunge tu, Papa."

"Nikafunge namna gani, na hakajasema kenye kalikuyia?"

Alikaacha pale siku nzima, kwa adabu. Kale kengine, kalikokuwa na ujumbe wa maana, alikafukuza bila kukasoma. Nilipoiona hali hiyo jioni nilicheka kwa nusu dakika, kisha nikakasirika upya.

Nikaanza kushona kidirisha changu mwenyewe. Nilikizuia kisifungwe kwa ile alama ya pembeni. Nilikipa nguvu ya kushikilia kila kitu, yaani kikishatokea, huwezi kugusa karata wala kitu kingine chochote mpaka umekijibu. Nikakitengenezea kitufe kinachobaki kijivu kwa muda, ili asibofye kwa haraka. Nilijiona hodari. Kilipotokea kwa mara ya kwanza kilijificha nyuma ya karata. Kidirisha kiko nyuma, kimeshikilia kila kitu, na mbele karata hazisogei. Papa alibofya na kubofya, akaamini mashine imekufa, akachomoa waya ukutani. Nikarekebisha, nikakiamuru kikae juu ya kila kitu. Kikakaa juu. Papa akachomoa waya vilevile.

"Courant ilienda," aliniambia.

"Papa, mpangaji anasema kwake courant iko."

"Kwake iko, kwangu ilienda."

Nilisafiri mpaka Ruashi, ndani ya vumbi la malori na foleni, kwenda kumwambia mzee wangu kwamba umeme haukatiki kwenye soketi moja. Alinisikiliza kwa utulivu wa mtu ambaye amepokea wakaguzi wengi maishani mwake. Kisha akanyoosha kidole kwenye skrini, mahali ambapo kidirisha changu kilikuwa kimesimama kama askari.

"Mi nilikuwa nasimamisha train ya mukuba," alisema. "Train muzima, na bantu ndani, na machiniste anangoja drapeau yangu. Leo kafenêtre njo kanisimamishe mimi?"

Nilirudi nyumbani nikafikiri upya. Kidirisha cha amri amekikataa, kwa hiyo nikaweka swali. Kwa herufi za upole, rangi ya kijani, niliandika: "Papa, umekunywa dawa?" Vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Akibofya Hapana, kidirisha kinarudi baada ya muda mfupi. Akibofya Ndiyo, kinamshukuru na kumwacha. Na mimi, kule kazini, napokea jibu lake kwenye simu.

Siku ya kwanza: Ndiyo. Jioni: Ndiyo. Kesho yake: Ndiyo, na Ndiyo. Wiki nzima ya Ndiyo, na mimi nikawa mtu mwingine. Nilimwonyesha mkuu wangu wa ofisi, nikamweleza kwamba siri ya kidirisha kizuri ni kumheshimu mtumiaji. Hata niliwapigia kaka zangu Kolwezi nikawaambia kwamba Papa amebadilika. Wakanipongeza, kwa furaha ya watu walio mbali.

Nilipokwenda kumtembelea nilifungua kabati nichukue glasi. Vidonge vilikuwa pale, pakiti baada ya pakiti, hakuna hata kimoja kilichotobolewa.

Nilizitoa zote nikazimwaga mezani, mbele ya karata zake.

"Papa, uliandika ndiyo! Kila siku ndiyo!"

"Uliuliza. Mi nilijibu."

"Mais bidonge iko apa yote!"

Alisogeza kiti, akanitazama. Hakuwa na aibu hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia wazimu.

"Mutoto mudogo akigonga ku mulango, akuulize bintu ya batoto, unamwambia ndiyo, ndiyo, aende acheze. Sasa weye, mutoto yangu ya kuzaa, unatuma ordinateur iniulize kama nilikunywa. Na boutons mbili! Sawa vile niko mu enquête ya polisi. Nani alikufundisha kuuliza baba yako vile?"

"Papa, utakufa!"

"Basi nitakufa na respect yangu."

Nilipiga meza kofi. Sijawahi kufanya hivyo mbele yake, wala kabla wala baada. Pakiti moja ilianguka chini, na hakuna kati yetu aliyeinama kuiokota.

Njiani kurudi mjini nilikuwa nagombana naye peke yangu garini. Halafu, nikiwa nimekwama nyuma ya lori, nikakiona kilichokuwa wazi tangu mwanzo. Kwetu mtoto hamtumi baba. Hamwamuru, hamhoji, hata awe na diploma ukuta mzima. Baba akikosea, watoto hawasimami mbele yake. Wanamwendea dada yake mkubwa, shangazi, ambaye kwetu ni baba wa kike. Yeye ndiye mwenye mdomo. Niliyajua hayo tangu nikiwa mdogo, lakini nilidhani ni ya mambo mazito, ya ndoa na ugomvi wa ukoo. Sikufikiri yanahusu kidonge cheupe kidogo kuliko punje ya mahindi.

Shangazi yangu huyo aliishi Mitwaba, analima mihogo, mahindi na karanga, na mtandao huko ulikuwa unapatikana mahali pamoja tu, karibu na soko. Kwa hiyo hukumpigia. Ulisubiri siku atakayopita sokoni akubipu, simu ilie kidogo na kukatika, kisha wewe umpigie haraka kabla hajaanza safari ya kurudi. Alinibipu nikiwa katikati ya kazi. Nilitoka nje nikamweleza yote: AVC, daktari, kabati, vidirisha. Ilinibidi nimweleze kidirisha ni nini. Alicheka mpaka nikaogopa salio litakwisha.

"Ule eko na kichwa nguvu tangu mu tumbo ya mama," alisema. "Weye haumuweze. Ile kintu yako inaweza andika byenye mi nasema?"

"Inaweza, Tantine."

"Basi andika. Mutoto ya mama yangu. Mi yaya yako njo nasema. Acha karata. Simama. Kunywa dawa, halafu urudi ukae."

Niliandika kwenye kiganja, kwa kalamu; yaya, kwetu, ni ndugu mkubwa wa kuzaliwa.

"Na bouton, Tantine?"

"Bouton ni nini?"

"Ni pa kujibu."

"Atajibu nini? Andika 'Ndiyo, yaya.' Ingine ya nini?"

Kidirisha kile nilikishona upya kuanzia mwanzo. Juu niliweka picha yake, aliyopigwa kwenye arusi, kilemba kimesimama na macho hayana mchezo. Hapo napo Python ikanitoa jasho. Nilipojaribu, maneno yalitokea, kitufe kilitokea, na mahali pa picha palikuwa na kijivu kitupu. Nilibadilisha picha, nikapunguza ukubwa, nikaitukana mashine kwa lugha zote ninazozijua. Kumbe Python huitupa picha ambayo hakuna aliyeishikilia. Lazima uihifadhi mahali, uipe jina, la sivyo inaizoa kama takataka hata kabla haijaonekana. Picha ya shangazi yangu, takataka! Nikaishikilia kwa mistari miwili pale ambapo mmoja ungetosha.

Nilikwenda Ruashi kukiweka mwenyewe. Kilipochomoza, Papa aliinua mkono kukifukuza, halafu mkono ukasimama. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akasoma tena.

"Nani alimwambia?"

"Ni mi, Papa."

Nilingoja anifukuze nyumbani. Badala yake akasimama, akavuta shati likae vizuri, akaenda kabatini, akatoboa pakiti, akanywa kidonge na glasi nzima ya maji. Kisha akarudi, akainamia skrini, na akibofya kitufe alilisema neno kwa sauti: "Ndiyo, yaya." Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia tangi la maji. Nililia pale, kwa furaha, na pia kwa uchungu kwamba kazi yangu yote ya kubana na kuzuia ilikuwa ya bure.

Tangu hapo alikunywa. Presha ilishuka, daktari akaridhika, nami nikapata bosi mpya. Shangazi alikuwa ameionja kazi. Kila aliposhuka sokoni alinibipu kunipa maneno mapya, kwa sababu, alisema, mtu huwezi kumwambia maneno yaleyale kila siku, atazoea. Siku moja alimkumbusha Papa jinsi alivyoanguka mtoni akaokotwa na nani. Siku nyingine alimwonya juu ya chumvi. Mara alitaka picha iondolewe kwa sababu kilemba kilikaa vibaya, mara irudishwe. Nami nilikuwa nabadilisha kwa mtandao, kati ya kazi na kazi, nikinung'unika kuliko ninavyonung'unikia mteja yeyote anayelipa.

Wakati mmoja aliniagiza hotuba ndefu kabisa, yenye mashauri, na habari za ukoo, na salamu za watu ambao Papa tu ndiye aliyewajua. Nikaibandika ilivyo, nimechoka, sikupima urefu. Jioni Papa akanipigia.

"Yaya hajamaliza kusema," alisema kwa wasiwasi. "Anasema, anasema, bouton haitoki."

Maneno yalikuwa yamejaa mpaka chini, kitufe kimesukumwa nje ya skrini. Mpangaji aliniambia baadaye kwamba alimkuta Papa amesimama mbele ya kompyuta, glasi mkononi, kidonge amekwisha kunywa, anangoja ruhusa ya kukaa. Kwenye simu ile nilimwambia Papa akae. Akaniuliza kama nina hakika.

Shangazi alifariki wakati wa mvua. Homa, alisema binamu aliyenipigia, na kabla ya kumpata mtu wa kumpeleka hospitali, basi. Barabara ya Mitwaba ilikuwa tope tupu, na daktari alikataa katakata Papa asisafiri. Matanga tukayakalia Ruashi. Bâche, yaani turubai, ilitandazwa uani, viti vya plastiki vikaja, watu wa kwetu kutoka kila kona ya mji wakaja, wakaimba, wakala, wakalala kwenye mikeka. Kompyuta ilichomolewa na kufunikwa kitambaa. Nilimpa Papa dawa zake katikati ya watu, na kwa sababu alikuwa hana nguvu za kubisha, alikunywa alizozikumbuka mkononi mwake na nyingine aliziacha zikayeyuka kwenye kiganja.

Watu walipokwisha kutawanyika, nilikuja kusaidia kufagia. Sikufikiri. Nilitoa kitambaa, nikachomeka waya nifute vumbi, nikageuka kuchukua ndoo. Programu niliitengeneza ijiwashe yenyewe kila mashine inapowaka, kwa sababu ya mtu wa kuchomoa waya. Nikasikia kiti cha Papa kikisogea. Shangazi alikuwa kwenye skrini, kilemba kimesimama, na chini yake maneno aliyonipa mara ya mwisho aliposhuka sokoni kutafuta lori la kuleta karanga: "Mutoto ya mama yangu. Kalanga itafika na camion. Kunywa dawa kwanza."

Niliruka kushika kipanya. Papa aliuweka mkono wake mzito juu ya wangu.

"Toa," alisema.

"Ndiyo, Papa, naifunga."

"Si kufunga. Toa yote. Mufu habamutumake kazi."

Nilijua kwetu mfu hatumwi kazi, lakini nikamwambia tunaweza kuacha maneno tu, bila picha. Nikamwambia tunaweza kubadilisha. Alitikisa kichwa.

"Sikiya. Tulikuwa bengi. Bote balienda, yaya njo alikuwa amebaki. Sasa mi njo mukubwa. Hakuna muntu mwenye kunituma tena."

Hakulisema kwa kulia. Alilisema kama mtu aliyekwisha kuhakikisha kila mlango. Nilikaa kwenye kiti chake, na yeye akiwa amesimama nyuma yangu, nikafuta mstari baada ya mstari mpaka skrini ikabaki na karata tu. Alinishukuru. Usiku ule hakunywa dawa, wala asubuhi iliyofuata, na nilipompigia mpangaji akaangalie kabati, alirudi kwenye simu akasema hakuna kidonge kilichotoka.

Kaka zangu walipendekeza padri. Nikawauliza padri yupi, yule kijana ambaye Papa angeweza kumzaa mara mbili? Wakasema basi wewe ndiwe mwenye kompyuta, tafuta namna. Nikafungua Python. Dirisha lilikuwa rahisi sasa, ningeweza kulishona nimefumba macho. Kilichonishinda ni maneno ya ndani. Niliandika amri, nikafuta. Niliandika swali, nikafuta. Niliandika "Daktari anasema", na nikamwona Papa akiniuliza daktari ni mkubwa wa nani. Niliandika jina la Mama, nikalifuta haraka kuliko yote. Kila sentensi iliyotoka kwangu ilikuwa sentensi ya mtoto anayemtuma baba yake. Nilichukia mashine, nilichukia desturi, nilimchukia na yeye pia kidogo, na nilikuwa naogopa mpaka sili.

Jumapili nilikwenda Ruashi mikono mitupu. Alikuwa kwenye karata. Sikumsalimia vizuri, nilikaa kwenye kigoda pembeni, na maneno yakatoka yenyewe.

"Papa, mi nachoka. Sikutume. Sikuulize kintu. Minaogopa tu. Simu ikilia ku bureau, roho inaruka, nafikiri njo mpangaji, ananiambia ulianguka. Tantine alienda, Mama alienda. Weye ukienda, mi nabaki na nani mu huu muji? Minaogopa, Papa. Basi."

Nililia vibaya, kwa makamasi. Aliacha kipanya. Akanitazama, si usoni, bali mikononi na mabegani, kama anayekagua mzigo uliofika umepungua.

"Uko unakonda," alisema hatimaye.

"Papa, mi nasema mambo ya..."

"Asubui unakulaka?"

"Ku bureau iko muda ya kula?"

"Hm," akasema. Kisha akaniambia niende kabla mvua haijashika. Hakugusa kabati. Niliondoka nimekasirika kuliko siku ya kofi, kwa sababu nilikuwa nimemtolea kila kitu nilichokuwa nacho, na yeye ameniambia nimekonda.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mbele ya wateja na mkuu wangu, nawaonyesha programu ya malori, na hasa kidirisha kipya ambacho kinazuia kosa kabla halijatokea. Simu ikalia. Papa. Nikapokea hapohapo, mbele yao wote.

"Umekula?" aliuliza.

"Papa! Kuko nini?"

"Minauliza kama umekula."

"Bado. Niko mu réunion, Papa."

"Tafuta kintu ya kula. Mi nangoja."

"Sasa?"

"Mi njo mukubwa apa," alisema. "Nikikuambia kula, unakula."

Mezani kulikuwa na beignet, maandazi ya wageni. Nilichukua moja, nikageukia ukuta, nikatafuna huku mkuu wangu akinikodolea macho. Upande wa pili Papa hakukata. Nikasikia mlango wa kabati la vyombo ukilia kwenye bawaba. Nikasikia karatasi ya pakiti ikitoboka, kisha maji yakimwagwa kwenye glasi. Niliacha kutafuna nisikie vizuri.

"Unakula?" aliuliza tena.

"Ninakula, Papa."

Akameza. "Bon," akasema, akakata.

Jioni akapiga tena, akaniuliza habari za foleni. Siku hizi anawapigia wote, Kolwezi, na watoto wa shangazi kila wanapobipu kutoka Mitwaba, anaamuru na kugombeza, na kaka zangu wananilalamikia kwamba mzee hawapi nafasi ya kupumua. Lakini mimi ananipigia asubuhi na jioni. Dawa hazitaji, nami siziulizi. Anaweza kuniuliza bei ya unga, au kama nimefunga madirisha kwa sababu ya mvua, au hana neno kabisa na anakohoa tu. Mkuu wangu ameshaniuliza mara nyingi ni nani huyu asiyeweza kungoja mkutano uishe. Simjibu. Nainua mkono kumnyamazisha, nabana simu sikioni, mpaka nisikie maji yakishuka.